Kuchagua vifaa vya seva ya mafaili ya nyumbani kwa bei nafuu

Anayetaka seva ya kuhifadhi picha, video na nyaraka za nyumba nzima mara nyingi huanza kwa kuulizia prosesa. Aanze na diski. Kupokea faili na kulitoa kupitia mtandao wa nyumbani ni kazi nyepesi; Core i3 ya mwaka 2015 inaifanya huku imesinzia. Kinachochelewesha ni mtandao, na kinachopoteza data ni diski na umeme. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya bajeti iende kwenye diski, UPS, yaani betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, itengewe fungu lake mapema, na kompyuta yenyewe iwe ya mtumba.

Kompyuta

Tafuta za ofisini zilizotumika: Dell OptiPlex, HP ProDesk au EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Kariakoo (Dar es Salaam) na Luthuli Avenue (Nairobi) zipo tele. Chukua yenye Intel ya kizazi cha sita au zaidi, ambayo kwa kizazi cha sita namba ya prosesa inaanza na 6, kama i5-6500. Hizo hazili umeme mwingi zikiwa hazina kazi, na chipu yake ya picha inaweza kubadilisha video za kawaida (za biti 8) za H.265, mfumo wa kubana video, ukitaka baadaye kutazama filamu kwenye TV kupitia Jellyfin, programu ya kurushia video kutoka kwenye seva. Za biti 10 zinahitaji kizazi cha saba.

Kasha ndilo linaloponza wengi. Zile ndogo za ukubwa wa kitabu zinapendeza, ila hazina nafasi ya diski ya inchi 3.5. Nyembamba za kati, zinazoitwa SFF, hutofautiana hata ndani ya mfululizo mmoja. Mwambie muuzaji afungue kasha kabla hujalipa, uhesabu mwenyewe: nafasi mbili za diski za inchi 3.5, matundu matatu ya SATA, ya kuunganishia diski, kwenye bodi (mawili ya diski za data, moja la SSD, yaani diski isiyozunguka, ya mfumo), na vichwa vya umeme vya kutosha. Tundu la DVD lihesabu, maana DVD yenyewe utaitoa. Lakini kichwa cha umeme cha DVD nyembamba ni kifupi, hakiingii kwenye diski.

Pawa saplai za Dell na HP mara nyingi zina plagi za kwao wenyewe. Ikiungua, pawa saplai ya kawaida ya dukani (ATX) haiingii bila adapta, kwa hiyo iwashe, sikiliza feni, na uinuse kama ina harufu ya kuungua. Vichwa vya umeme vikipungua, nunua kigawanyo cha SATA kwenda SATA ambacho nyaya zake zimebanwa moja moja. Epuka adapta za Molex (plagi ya zamani yenye pini nne) kwenda SATA ambazo kichwa chake kimemiminiwa plastiki ya moto juu ya nyaya: nyaya husogea ndani, hugusana, na adapta huwaka. Diski inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12 kwa sekunde chache, na hapo ndipo adapta dhaifu inapoumbuka.

RAM ya GB 8 inatosha kwa OpenMediaVault, mfumo wa bure wa kuendesha seva ya mafaili. TrueNAS, mfumo mwingine wa aina hiyo, nayo inaanzia GB 8 lakini inapumua vizuri kwenye 16. Mfumo uweke kwenye SSD ndogo ya GB 120, si kwenye flashi.

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, inaweza, ila diski zote zitapita USB, na matundu yake yote manne yanagawana ampea 1.2 tu. Diski mbili bila adapta yake ya umeme zitakuwa zinapotea na kurudi. Ukijumlisha kasha, adapta na kadi, bei inakaribia ile ya OptiPlex.

Diski

Diski za bei rahisi nyingi ni za SMR: njia za data zimelaliana kama vigae vya paa, hivyo kuandika upya sehemu moja kunalazimisha kuandika upya majirani zake. Kwa kunakili picha mara mojamoja hutagundua. Shida huja diski moja ikifa na mpya inapojazwa upya kutoka kwa mwenzake. Kasi inaporomoka, kazi ya saa inakuwa ya siku, na ZFS, mfumo wa mafaili unaotumiwa na TrueNAS, inaweza kuifukuza diski ikidhani ni mbovu. Unayoitaka ni CMR, ambayo njia zake hazilaliani.

Jina la sandukuni halitoshi, soma namba ya modeli. Seagate Barracuda ya TB 4, ST4000DM004, ni SMR. WD Red za TB 2 hadi 6 zenye herufi EFAX pia ni SMR, jambo lililofichuka mwaka 2020. WD Red Plus ni CMR, na Seagate IronWolf vilevile. Kama hizo hazipatikani mjini kwako au bei yake inauma, nenda kwa wauza kamera za CCTV. WD Purple na Seagate SkyHawk zipo karibu kila duka la kamera, zimetengenezwa kufanya kazi usiku na mchana, kwa kawaida ni CMR, na zinakubali kazi ya seva ya nyumbani bila shida.

Nunua mbili za TB 4 kuliko nne za TB 2. Kila diski inayozunguka inakula wati 5 hivi, inachukua tundu, na ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Zikiwekwa kwa kuakisiana, RAID 1, utapata TB 4, ambayo mfumo utaisoma kama 3.6. Hujaibiwa, kompyuta inahesabu kwa 1024.

Diski zilizotumika kutoka vituo vya data zina bei tamu na mitego mitatu. Kwanza, kama ni SAS, aina ya muunganisho wa seva kubwa, haiingii kwenye bodi ya kawaida. Itambue kwa kutazama plagi, SATA ina pengo kati ya sehemu ya data na ya umeme, SAS imezibwa. Pili, baadhi hazizunguki kabisa kwa sababu ya volti 3.3 kwenye pini ya tatu ya umeme. Ziba pini hiyo kwa kipande cha tepu ya Kapton. Tatu, historia yake inaweza kuwa imefutwa. Mwanzoni mwa 2025 ilibainika kwamba diski za Seagate zilizotumika zilikuwa zinauzwa Ulaya kama mpya, saa zake za matumizi kwenye SMART, kumbukumbu ya afya ya diski, zikiwa zimerudishwa sifuri.

Basi kila diski, hata iliyotoka kwenye nailoni, ipime kabla muda wa kurudisha dukani haujaisha. Endesha amri ya Linux `smartctl -a /dev/sdb`, inayosoma SMART, ukibadilisha sdb kwa jina la diski yako. Namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, ziwe sifuri. Isipokuwa hivyo, irudishe bila mjadala. Namba 199 ikipanda, shuku waya wa SATA kabla ya diski. Kwa Seagate ongeza `smartctl -l farm /dev/sdb` (toleo la 7.4 kwenda juu), inayosoma kumbukumbu nyingine ya ndani ya diski: saa zake zikiwa nyingi kuliko za SMART, umeuziwa kuukuu. Kisha ijaribu diski nzima kwa `badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdb`. Amri hii inafuta kila kitu, na kwa TB 4 inachukua siku mbili hadi tatu. Iache. Diski mbovu nyingi hujitaja hapo.

Joto la diski lisizidi nyuzi 45. Pwani, seva iliyofungiwa kabatini inavuka hapo mchana mmoja tu.

Umeme

Kompyuta hiyo na diski mbili hula wati 30 hivi, yaani uniti 21.6 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti kwako. UPS ya VA 650 yenye AVR (kidhibiti cha volti) inatosha, lakini iwe na tundu la USB la mawasiliano. Nyingi za bei ya chini hazina, na bila hilo seva haijui umeme umekatika, hivyo inazima ghafla betri ikiisha. Ukiunganisha NUT, programu inayosoma hali ya UPS, seva inajizima yenyewe kwa utaratibu. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) weka ijiwashe umeme ukirudi. Betri ihesabie miaka miwili hadi mitatu.

Kuakisi kwa RAID kunakulinda na diski kufa, basi. Faili ukilifuta, linafutika kote kuwili. Diski ya tatu ya nje, ya bei rahisi na hata ya SMR, ichomeke mara moja kwa wiki kunakili, kisha ichomoe.

Mtandao

Rauta nyingi za bei ndogo, TP-Link TL-WR840N ikiwamo, zina matundu ya Mbps 100, ambayo ni MB 11 hadi 12 kwa sekunde. Usitupe rauta, ongeza swichi ya gigabiti kama TL-SG105, seva na kompyuta zote zichomekwe humo, utapata MB 110 hivi. Waya uwe Cat5e wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Ukishaunganisha, `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi ya mtandao isome 1000Mb/s. Ikisoma 100, badilisha waya kwanza: huenda kati ya nyaya nane zilizomo kuna iliyokatika au isiyobanwa vizuri kwenye kichwa.