Somo: Kuchagua tyuna ya udi, gitaa na fidla

Wanachama wenzangu, kwa kuwa wengi wetu hapa Mombasa tunapiga ala zaidi ya moja, na joto na unyevu wa pwani havikawii kulegeza nyuzi tulizokwisha kuzikaza, naandika hapa hatua ninazozifuata kabla ya kununua tyuna, yaani kifaa cha kupimia kama uzi umekazwa kwenye sauti yake.

Kwanza, hakikisha kwamba ni ya kromatiki, yaani inatambua sauti zote 12 za oktavu. Ile inayojua nyuzi 6 za gitaa peke yake haimfai mpiga udi, kwa sababu uzi wake wa C au F hautambuliki humo.

Pili, uliza inasikia kwa njia gani. Tyuna ya maikrofoni inatosha chumbani, lakini mazoezini, fidla na akodiani zinapojaribiwa kwa pamoja, haitenganishi uzi wako na kelele za wenzako. Ya kubana kichwani mwa ala hupokea mtetemo wa mbao yenyewe, na ndiyo ninayoipendekeza.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, angalia kama rejeo la A, yaani sauti ya A ambayo nyingine zote hupimwa kwayo, linaweza kusogezwa kutoka hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Akodiani haikazwi ukumbini, kwa hiyo ikiwa yake imepanda hadi 442, kundi zima halina budi kuifuata. Mwombe mpigaji aishikilie A, sogeza rejeo mpaka mshale usimame katikati, kisha kila mmoja alinganishe nyuzi zake kwa rejeo hilo. (Makundi yasiyofanya hivi humlaumu mwimbaji.)

Kuhusu usahihi, nusu toni moja ina senti 100, na kifaa kinachokosea kwa senti 1 tu kinatosha kabisa. Beba betri ya akiba.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Je, programu ya simu haitoshi?*

Marahaba. Nyumbani inatosha. Ila nayo hutegemea maikrofoni, hivyo ukumbini utapata taabu ileile niliyoieleza.

*Nikipiga maqamu ya Rasti (mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kuanzia C, mshale unaonyesha kwamba sauti ya tatu imeshuka mno. Je, tyuna yangu ni mbovu?*

Si mbovu. Sauti hiyo hukaa baina ya E na E iliyoshushwa nusu toni, na kifaa kilichogawanywa sehemu 12 hakina nafasi yake. Tumia tyuna kwa nyuzi zilizo wazi tu, kisha robo toni uiachie kidole na sikio, maana shingo ya udi haina freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) za kukuzuia.

*Kwenye uzi mnene wa gitaa langu la besi mshale hautulii. Nifanyeje?*

Uzi huo wa E hutetema kwa hezi 41 hivi, na tyuna nyingi hazisikii vizuri chini kiasi hicho. Uguse kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uupige, uondoe kidole. Itatoka E ya oktavu ya juu, na mshale utatulia.