Ukitaka kujifunza sura kwa rangi za mafuta, nakili Antonello

Wanaoanza wengi hukimbilia Mona Lisa. Mimi ningewaelekeza kwenye picha ya mwanamume mwenye kofia nyekundu aliyoichora Antonello da Messina, mchoraji wa Italia, karibu mwaka 1475, iliyopo National Gallery, London. Ni ndogo, takriban sentimita 36 kwa 25, kwa hiyo unaweza kuinakili kwa ukubwa wake halisi bila kubuni vipimo. Mandharinyuma ni giza tupu, na mwanga unatoka upande mmoja. Kazi yote iko usoni.

Usianze na rangi ya ngozi! Chora uso mzima kwanza kwa kahawia ya udongo na nyeupe tu, ukitafuta wapi kivuli kinaanza na wapi kinaishia. Geuza picha na turubai lako juu chini unapolinganisha. Pua ikikaa vibaya utaiona mara moja. Shavu la upande wa kivuli ndilo gumu, nalo lina mwanga hafifu ambao jicho la haraka huupita.

Safu hiyo ikikauka, ndipo upake rangi ya ngozi kwa tabaka nyembamba zinazoruhusu ya chini kuonekana. Safu za mwanzo zipunguze kwa tapentaini, za juu ziongezee mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza utaratibu huo, rangi ya juu hukauka kabla ya ya chini na baadaye hupasuka. Kofia iache mwisho, haina shida.