Kumfuga paka: chakula, maji, choo na dalili za hatari

Wengi huchukua paka kwa sababu ya panya, na hapo hapo huja lile shauri la kumnyima chakula ili awinde. Halina msingi. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Njaa itamfanya ahamie kwa jirani, afunue masufuria, na ale panya ambaye tayari ana sumu tumboni. Mlishe vizuri, na bado atawakamata panya vilevile.

Umlishe nini? Paka ni mla nyama hasa. Mwili wake hautengenezi taurini, kirutubisho cha lazima kwa macho na moyo, ya kumtosha, na taurini hiyo iko kwenye nyama na samaki, kwa wingi zaidi kwenye moyo. Akilelewa kwa ugali na mchuzi ataonekana mzima kwa miezi kadhaa, huku macho yakiharibika polepole na moyo ukitanuka na kulegea. Akishapofuka kwa njia hiyo, haponi. Kwa hiyo ugali au wali uwe wa kujazia tu: kijiko kimoja kwa vijiko vinne vya kitoweo.

Dagaa wakavu wanafaa sana wakiandaliwa vizuri. Waloweke dakika 20, waoshe mara mbili au tatu mpaka mchanga na chumvi vitoke, kisha uwachemshe kwa maji kidogo, bila chumvi na bila kitunguu. Supu usiimwage, maana taurini huyeyukia humo. Mchanganyie kwenye chakula. Mifupa yao midogo humpa kalisiamu. Hata hivyo dagaa peke yao kila siku hawatoshi. Wachanganye na mioyo ya kuku, firigisi na mnofu wa paja. Siku za mnofu bila dagaa, ongeza nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililooshwa, likakaushwa na kusagwa laini, kwa kila nusu kilo ya nyama. Ukiliacha hilo kwa mtoto wa paka, mifupa yake itakuwa laini na miguu itapinda.

Maini ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki. Paka huyapenda kupita kiasi, lakini yakiwa chakula cha kila siku vitamini A huzidi mwilini na mifupa ya shingo hushikana. Samaki wapikwe: baadhi yao wakiwa wabichi huharibu vitamini B1, na paka huanza kupepesuka, kuinamisha kichwa, mwishowe degedege. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha; itupe mahali asipofika. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu yake hata vikiwa vimepikwa, na hiyo ndiyo sababu ya kumnyima mchuzi wa jana. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa.

Paka wa kilo 4 anahitaji gramu 150 hadi 200 za chakula cha kupika kwa siku, kwa milo miwili au mitatu. Chakula kikavu cha pakiti kinatosha gramu 50 hadi 60. Pima kwa vidole: ukimpapasa ubavuni, mbavu zisikike kirahisi bila kuonekana kwa macho. Ukitaka kubadili chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku 7.

Maji ndiyo husahaulika. Paka huyu wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 kwa siku, yakiwemo yaliyo ndani ya chakula. Nyama iliyopikwa ina maji mengi. Punje kavu za pakiti zina kama asilimia 10 tu. Anayekula punje lazima anywe, naye kwa asili si mnywaji. Weka bakuli pana, mbali na sahani ya chakula na mbali kabisa na choo, ubadilishe maji kila siku. Asipokunywa vya kutosha, mkojo huwa mzito na huweza kutengeneza chembechembe kama mchanga kwenye kibofu.

Kwa choo, beseni la plastiki la urefu wa sentimita 50 linatosha. Upande mmoja ukate mlango wa kuingilia. Jaza mchanga mkavu au maranda, kina cha sentimita 5 hadi 7. Paka mmoja apewe mabeseni mawili, wawili matatu. Ondoa kinyesi kila siku: mayai ya vimelea vya toksoplasma huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, na kwa kuwa vimelea hivyo huweza kudhuru mimba, mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Paka akianza kukojoa kitandani, usimchape. Kagua kwanza kama beseni ni chafu, liko njiani pa kelele, au anasikia maumivu akikojoa.

Na hapa dume liangaliwe kwa makini. Akichuchumaa mara kwa mara, akalia, akajilamba chini na kutoa matone tu au asitoe kitu, huenda mrija wa mkojo umeziba. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta na kusubiri kesho. Sumu na potasiamu hujaa kwenye damu, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata usiku.

Dawa za watu usimpe. Kidonge kimoja cha panadoli cha miligramu 500 kinaweza kumuua: ufizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba. Dawa za viroboto za mbwa na za kuogeshea ng'ombe zenye permetrini humtetemesha mpaka degedege. Dukani soma lebo mwenyewe, usikubali neno "hii ni ya wote". Dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji mara nyingi zina fenoli, kemikali iliyo sumu kwa paka. Sakafu isuuzwe na ikauke kabla hajapita, maana atailamba miguu yake.

Chanjo ya mafua na homa ya matumbo ya paka huanza wiki ya 6 hadi 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni kuanzia wiki ya 12, ikarudiwa baada ya mwaka. Dawa ya minyoo huanza wiki ya 3, kila wiki mbili hadi ya 9. Mkubwa kila miezi mitatu. Ukiona vipande kama punje za mchele mkiani ni tegu, na ukimtibu bila kuua viroboto, tegu watarudi, kwa kuwa viroboto ndio wanaowabeba. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne, hivyo usingoje azae kwanza ndipo umfunge kizazi. Dume akihasiwa hupunguza kurusha mkojo ukutani na kupigana usiku kama shume.

Paka huficha ugonjwa. Kukoroma, ule mngurumo wa kooni anapobembelezwa, si raha kila mara. Anayeumwa naye hukoroma. Amini zaidi tabia iliyobadilika: amejificha, ameacha kujisafisha, hapandi tena dirishani. Asipokula kwa siku mbili, hasa mnene, ini huanza kujaa mafuta. Akipumua mdomo wazi bila kukimbia, usisubiri.

Kumsafirisha, tumia kikapu chenye mfuniko au boksi gumu lililotobolewa matundu, si kiroba. Tandika kanga anayoilalia, mwingize kwa makalio kwanza, ufunike juu asione barabara.