Frizbi haina refa, mwambie mwenzako ukweli

Altimeti frizbi, mchezo wa timu wa kurushiana kisahani cha plastiki, ni 7 kwa 7 na hakuna refa, faulo mnaamua wenyewe uwanjani. Wengi wanadhani shughuli ni kubishana na wapinzani, kumbe kipengele ni kumwambia mtu wa timu yako "hapana bana, ulimgonga".

Kwa hiyo kubalianeni kabla ya mechi kwamba aliyeona vizuri ndo anaongea, hata kama inatuumiza sisi. Mwenzako kadaka mguu uko nje ya mstari na wewe umeona? Sema hapo hapo, usisubiri uulizwe, ila kwa sauti ya kawaida, "mguu ulikuwa nje", basi, maana ukimfokea mbele za watu ataona aibu na atang'ang'ania tu (mi nishawahi kung'ang'ania hivyo, we acha). Akipanda jazba mvute pembeni, anywe maji.

Mpokeaji akidai faulo na mkapinga, msizozane dakika tano, frizbi inarudi kwa aliyerusha mnaendelea.

Mkimaliza mnawapa wapinzani alama za spiriti (yaani za uungwana wa mchezo), vipengele 5, kila kimoja 0 mpaka 4, na mawasiliano yamo. Wao pia wanawajazia nyie.