Chango gani? Jinsi ya kumsemea mzee kwa daktari

Bibi yangu aliketi mbele ya daktari kijana, mgeni wa bara, akasema, "Chango lanisumbua, mwanangu, wiki ya pili sasa." Akaandikiwa albendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 400. Kiswahili cha kijana hakikuwa na kosa: chango ni minyoo, ile mirefu ifikayo sentimita 30. Bibi naye hakudanganya. Alikuwa na uvimbe kinenani, na haya zilimzuia kuutaja mbele ya mtu wa rika la wajukuu wake. Tukarudi Mkomani, mtaani kwetu Lamu, na dawa ya minyoo.

Tangu hapo, kabla hatujatoka nyumbani, namkalisha dakani, kibarazani pa mlangoni, nimuulize: chango gani?

Kwanza kuna utumbo wenyewe. Wazee huuita uchango, ule mwembamba, wa mita 6 hivi kwa mtu mzima, kama ule wa mbuzi ambao mwenye kupika matumbo huugeuza ndani nje kuukosha. Kwa daktari sema utumbo mwembamba. Chango la minyoo lishaelezwa. Chango la uzazi ndilo linalowapoteza wengi, maana halimo utumboni kabisa; ni mji wa mimba unaojikaza, kama siku za hedhi. Na mwenye mimba aseme kwanza, hasa miezi 3 ya mwanzo, asije akameza dawa ya minyoo kwa sababu ya jina.

Kisha mwambie aweke mkono panapouma. Maumivu yakianzia kitovuni yakashukia kulia chini, na homa na kutapika, usiseme chango. Sema unahofia kidole tumbo, na haluli, dawa ya kuharisha, usimpe hata jirani akisisitiza.

Ngiri je, ule uvimbe wa kinenani ambao Bibi aliuficha kwa jina la chango? Watu hudai ni ya wanaume. Si kweli. Uvimbe hutokeza akikohoa au akibeba ndoo, ukarudi ndani akilala. Ukigoma kurudi, ukawa mgumu na kuuma, naye anatapika, ni safari ya saa hiyo hiyo, usiku usiku. Mlioko Pate, ulizeni mapema maji ya Mkanda, mkondo wa bahari wa njia ya Lamu, yakoje: yamejaa au yamekupwa.

Safari ya pili nilisema mimi: "Ana uvimbe kinenani upande wa kulia, hurudi akilala, una miezi miwili." Daktari akaweka kalamu chini, akamwita muuguzi wa kike avute pazia. Bibi akanifinya paja chini ya buibui.