Jinsi ya kukagua gitaa la umeme na amplifaya za mitumba kabla hujatoa pesa

Muziki wa dansi na rumba haufichi kasoro. Gitaa linapigwa kwa sauti safi, kila noti inasikika peke yake, na sebene (sehemu ya kuchezea, gitaa likitawala) ikianza mpiga solo anapanda juu ya shingo na kukaa huko. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni unamlenga mpiga roki, ambaye sauti yake inakwaruzwa makusudi. Gitaa linalopotoka kidogo kwenye freti ya 15 (freti ni vile vyuma vilivyolala kwa upana juu ya shingo) linaweza kumvusha yeye. Wewe litakuumbua mbele ya watu. Mimi hupiga ridhimu na kutengeneza magitaa, na wengi wanaoniletea gitaa walilonunua juzi huja na tatizo ambalo lingeonekana palepale dukani kama wangejua pa kutazama. Ndiyo maana naandika.

Kabla ya kutoka nyumbani

Beba simu yenye programu ya tyuna (ya kupimia noti), kebo yako unayoiamini, rula ya milimita, kadi ya biashara, bisibisi ndogo, na seti mpya ya nyuzi za 0.010 (unene wa uzi wa kwanza kwa inchi). Nenda mchana, mahali penye umeme. Iwe ni Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi au sebuleni kwa mtu, muuzaji asiyetaka uchomeke gitaa kwenye amplifaya hana biashara na wewe.

Pesa nayo uigawe mapema. Nusu iende kwenye gitaa, theluthi hivi kwenye amplifaya, na kilichobaki kikusubiri kwa kebo, nyuzi na fundi. Ukimaliza zote kwenye gitaa zuri kisha ukalichomeka kwenye spika ya redio, hutalisikia gitaa hilo kamwe.

Hatua ya 1: Shingo

Rangi na mng'aro viache kwanza. Fumba jicho moja, tazama kutoka kichwani mwa gitaa kuelekea kwenye daraja, kile kipande cha mwilini kinachoshika nyuzi. Kingo mbili za shingo zinatakiwa ziende sambamba. Ukiona upande wa uzi mnene umeinama kivyake na upande wa uzi mwembamba kivyake, shingo imesokotwa, na hiyo haina dawa ya bei nafuu. Shukuru, ondoka.

Sasa bana uzi wa sita, ule mnene kabisa, kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine ubane pale shingo inapoungana na mwili. Uzi umekuwa rula iliyonyooka. Chungulia uwazi uliopo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8: kadi ya biashara ipite kwa kugusagusa, yaani robo ya milimita hivi. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti zote, shingo imenyooka mno au imebinuka nyuma. Sarafu ikipita, imepinda mbele. Hali zote hizo hurekebishika, kwa sababu ndani ya shingo kuna chuma chenye nati ambayo fundi huikaza au kuilegeza kidogo kidogo. Ila nati hiyo uitazame: ikiwa pembe zake zimeliwa, kuna mtu aliwahi kulazimisha, na chuma huenda kimeshafika mwisho.

Pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo. Gitaa lililozoea unyevu wa Tanga au Mombasa likihamia Dodoma, mbao hukauka na kusinyaa, ncha za freti zinabaki zimechomoza na kukukwaruza. Fundi anazisugua, si neno. Magitaa ya pwani tatizo lao kubwa ni kutu kwenye skrubu za daraja. Jaribu kuzizungusha; zilizoshika kabisa zitakukosesha hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Freti

Piga kila noti ya kila uzi, kuanzia chini hadi freti ya mwisho, kwa nguvu ileile unayotumia jukwaani. Usiruke. Noti inayokoroma au kufa ghafla inakuonyesha freti iliyoinuka au iliyolika. Vibonde vidogo kwenye freti tatu za mwanzo ni vya kawaida, huko ndiko kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za ridhimu hupigwa. Freti zilizobaki bapa kabisa ni habari nyingine, kwani kuzibadilisha zote kunaweza kukaribia bei ya gitaa lenyewe.

Pima na kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 1.6 upande mwembamba na 2 upande mnene ni kimo kizuri kwa gitaa la umeme.

Hatua ya 3: Ukweli wa sauti juu ya shingo

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi.

Nyuzi zilizooza hudanganya tyuna, kwa hiyo mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nibadilishe nyuzi mbili, ya kwanza na ya tatu. Tusipoelewana bei, nakuachia." Sijaona anayekataa. Tyuni gitaa zima kwa noti ya A ya hezi 440. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, upige, uondoe kidole: utapata noti ya kengele. Kisha ubane uzi huohuo kwenye freti ya 12, upige kawaida. Noti hizi mbili lazima zilingane. Iliyobanwa ikiwa juu, kibebeo cha uzi kwenye daraja, yaani kile kipande kidogo uzi unapolalia, kirudishwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Ndiyo maana nilikwambia ujaribu zile skrubu. Kama kibebeo kimeshagota mwisho na noti bado inapotoka, daraja lilifungwa mahali pasipo pake au shingo si ya gitaa hilo. Kwenye gitaa la mtindo wa Stratocaster, kuanzia kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho juu ya shingo hadi freti ya 12 ni milimita 324, na kutoka hapo hadi kwenye vibebeo ni kiasi hichohicho na nyongeza kidogo. Rula yako itakwambia ukweli.

Baada ya tyuna, tumia masikio. Shika uzi wa kwanza na wa tatu, piga noti mbili mbili kama tunavyofanya kwenye rumba, ukipanda kutoka freti ya 5 hadi ya 17. Mtetemo wa wah-wah-wah kati ya noti hizo ukizidi mno kadiri unavyopanda, usilichukue kwa kupigia solo. Kwa ridhimu ya chini ya shingo pengine litafaa, tena kwa bei ya ridhimu.

Hatua ya 4: Umeme wa gitaa

Chomeka kebo yako mwenyewe, ili lawama zisiende kwa kebo. Zungusha vitufe vyote. Mkwaruzo wa krrr ni vumbi, dawa ya kusafishia swichi inatosha. Gonga kila pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) polepole kwa bisibisi huku ukibadilisha swichi; pikapu inayotakiwa kufanya kazi itoe mlio. Pikapu ya koili moja huvuma kidogo kwa asili yake. Ukishika nyuzi mvumo unatakiwa upungue; ukiongezeka, waya zimeunganishwa vibaya.

Jina lililoandikwa kichwani lisikutishe wala lisikulevye. Les Paul halisi ya Gibson ina skrubu mbili kwenye kile kifuniko kidogo cha kichwani. Bandia nyingi zina tatu. Kwa anayeanza, Yamaha Pacifica 112 iliyotunzwa ni bora kuliko Gibson ya kubahatisha.

Neno moja kwa wanaotafuta gitaa kavu, lisilotumia umeme: lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usilifunge nyuzi za chuma. Mvuto wa chuma ni karibu maradufu, daraja litang'oka na shingo itainama.

Hatua ya 5: Amplifaya, anza na bamba la nyuma

Kabla ya kuchomeka chochote, igeuze usome volti. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50. Amplifaya iliyotoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120 kwa hezi 60. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, bahati yako ni fyuzi kukatika. Bahati mbaya ni transfoma ya ndani kuungua. Iliyotoka Uingereza au Dubai kwa kawaida haina shida hiyo, hata plagi ni ileile ya pini tatu. Ya volti 100 au 120 inunue tu kama bei inakuachia pesa ya transfoma ya kushusha, na chagua yenye uwezo mara mbili ya wati za matumizi zilizoandikwa kwenye bamba.

Pini ya ethi (ya waya wa ardhini) ikiwa imekatwa ili kuondoa mvumo, usiitumie amplifaya mpaka fundi airudishe. Mtu anayeshika nyuzi za chuma na kugusa maikrofoni kwa mdomo anahitaji ethi hiyo kuliko anavyohitaji sauti nzuri.

Hatua ya 6: Isikilize

Iwashe bila gitaa, vitufe vyote vikiwa sifuri. Inatakiwa iwe karibu kimya. Pandisha sauti: mchirizo wa shhh ni wa kawaida, ngurumo nzito inaashiria kapasita zilizochoka. Izime, kisha sukuma karatasi ya spika kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa na taratibu sana. Ukisikia kukwaruza ndani, koili inagusa sumaku na spika inahesabu siku. Karatasi iliyopakwa gundi itazame kwa tochi.

Kisha piga ridhimu kwa nguvu, kitufe cha sauti kikiwa 6 au 7. Unatafuta amplifaya inayobaki safi wakati ngoma na besi zimepanda. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na wati 120 na spika mbili za inchi 12, ilipata jina kwa usafi huo, ingawa uzito wake wa kilo 28 utaujua siku ya daladala.

Wati zisikuchanganye. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji karibu mara kumi. Kati ya wati 40 zenye spika ya inchi 12 na wati 60 zenye spika ya inchi 8, mimi nachukua za 40. Za chumbani, 10 hadi 20 zinatosha.

Amplifaya ya taa, yaani ya zile vali za kioo, hutoa sauti tamu sana, lakini usiiwashe bila spika kuunganishwa, na usiifungue mwenyewe: ndani kuna volti 300 na zaidi zinazobaki hata baada ya kuzima. Kama mtaani kwako hakuna fundi anayezijua, chukua ya transista. Na besi usiipigie kwenye amplifaya ya gitaa. Spika nyingi nilizokuta zimepasuka zilipasuliwa hivyo kanisani.

Hatua ya 7: Bei na risiti

Taja kasoro ulizoziona moja moja, kwa heshima, ukizionyesha, kisha ndipo uulize bei ya mwisho. Vyombo vya muziki huibwa sana, kwa hiyo piga picha namba ya gitaa na ya amplifaya, ziandikwe kwenye risiti pamoja na jina na namba ya simu ya muuzaji. Omba siku tatu za kurudisha, nazo ziandikwe. Nyumbani badilisha nyuzi zilizobaki, lilaze gitaa likiwa limetyuniwa, na asubuhi urudie hatua ya tatu kabla siku hizo hazijaisha.