Sura ya marehemu juu ya jiwe: kuchora kwa leza, kutoka atelie (karakana) ya Katuba, Lubumbashi

Wateja huniuliza mashini yangu ina nguvu kiasi gani. Mimi nawauliza jiwe wamelinunua wapi. Kwa nguvu, mashini ya leza ya kaboni dayoksaidi, ile ya bomba la kioo la wati 60 ambayo wengi wetu hapa Lubumbashi tunaagiza kutoka China, inatosha kabisa. Haikati jiwe. Inapasha uso wake moto ghafla, chembe zinapasuka vipande vidogo mno, na palipopasuka panakuwa peupe. Kama jiwe lenyewe si jeusi, huo weupe utauona wapi?

Kwa plake (vibao vya mawe) za makaburi napenda jiwe jeusi la Mutoko, Zimbabwe. Langu linakuja kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wauzaji wanaliita granaiti, ingawa wanajiolojia wanalihesabu kuwa doleraiti. Chembe zake ni ndogo na zimebanana, kwa hiyo sura inatoka hadi kope za macho. Jiwe lenye madoa makubwa ya kijivu au ya waridi usilichukue kwa kazi ya picha: herufi kubwa zitasomeka ukizijaza rangi, lakini uso wa mtu utapotea kati ya madoa. Halafu chunguza huo weusi, maana kuna mawe ya kijivu yanayopakwa rangi yakauzwa kuwa meusi. Lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, usugue pembeni. Kitambaa kikitoka cheusi, rudisha jiwe kabla muuzaji hajatumia pesa yako.

Sasa picha. Familia nyingi huleta foto ya pasi au ya kwenye simu, uso umejaa kivuli. Kata mandhari ya nyuma, ongeza mwanga usoni, kisha uigeuze picha iwe negativu. Leza inaweka weupe, haiweki weusi. Usipogeuza, baba wa watu atatoka na nywele nyeupe na meno meusi. Baada ya hapo ibadilishe iwe nukta nukta. Programu nyingi za leza zina kitufe cha kazi hiyo. Nukta 250 kwa inchi zinatosha. Doa la mwali wenyewe lina upana wa karibu milimita 0.1, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo ukizidisha sana nukta zinapandana na shavu lote linakuwa bandiko jeupe.

Plake ya sentimita 60 kwa 40 yenye unene wa 2 ina uzito wa kilo 14 hivi. Meza ya mashini ndogo inaweza kubonyea, na ikibonyea upande mmoja wa picha utakuwa na ukungu. Weka mbao chini ya jiwe, kisha pima umbali wa lenzi kwenye pembe zote nne, si katikati tu. Safisha jiwe kwa spiriti ili alama za vidole zisibaki. Mimi kwa picha naanzia nguvu ya asilimia 30 na mwendo wa milimita 300 kwa sekunde, kwanza kwenye kipande cha jiwe lilelile. Weupe ukiwa hafifu, punguza mwendo. Uso ukianza kumeguka kama chumvi ya mawe, punguza nguvu.

Picha ya sentimita 20 kwa 25 inachukua kama dakika 40, na kuran, yaani umeme, ya hapa haina adabu ya kusubiri dakika 40. Funga kona ya mbao kwenye meza, jiwe likae palepale hata likiguswa, na uandike vipimo vya mahali ulipoanzia. Umeme ukirudi, unaendelea na mistari iliyobaki. Bila ile kona, pua itakuwa pembeni ya midomo. Usiwashe kamwe bomba kama maji ya kulipoza hayazunguki. Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, mimi naweka chupa za barafu kwenye ndoo ya maji.

Feni ya moshi na barakoa ya kuchuja vumbi si za kujadili. Vumbi la mawe mengi lina silika, na silika inaua mapafu polepole. Mifuniko ifungwe muda wote mwali ukifanya kazi.

Mawe mengine, kwa haraka. Marumaru nyeupe inakupa kivuli tu, hata ukipandisha nguvu. Ile nyeusi inapendeza. Usiisafishe kwa siki wala ndimu, asidi inaila. Ardwazi, lile jiwe la tabaka, linachorwa kwa nguvu ndogo sana. Ukizidisha linabanduka maganda. Jiwe la lava kutoka Goma lina matundu ya gesi, na mwali unaliyeyusha likawa na mng'ao wa kioo. Tafuta kipande kilichoshikamana, uandike herufi nene tu. Mawe ya mtoni yakaushe vizuri kwanza, maji yaliyojificha ndani yanaweza kuyapasua.

Malakiti yetu, lile jiwe la kijani lenye shaba, ina tabia yake. Wazee wa Katanga waliiyeyusha kwa makaa wakapata shaba, wakaimimina kuwa misalaba. Mwali wa leza unaanza safari hiyohiyo bila kuimaliza: unafukuza maji na kaboni dayoksaidi, inabaki oksidi nyeusi ya shaba. Kwa hiyo alama inakuwa nyeusi juu ya kijani, na hapa picha haigeuzwi. Hata hivyo michirizi ya malakiti inameza sura, basi andika majina au mistari tu, kwa nguvu ndogo, maana ni jiwe laini linalopasuka upesi. Vumbi lake ni sumu. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, umeuziwa unga uliogandishwa kwa gundi.

Kwa jina la kaburini, mimi situmii leza. Alama yake haina kina, na vumbi letu jekundu linaijaza baada ya mvua chache. Jina nalichimba kwa mchanga unaorushwa kwa hewa ya kompresa, sura naiachia leza. Usipake mafuta juu ya sura ili jiwe ling'ae. Yanaingia kwenye nukta na weupe unafifia.

Kabla ya yote hayo, chapa karatasi yenye jina, postinomu (jina linalofuata la kwanza), prenomu (jina la ubatizo) na tarehe zote mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, isainiwe na mtu mmoja tu wa familia, ikiwezekana baba mkubwa. Wakija watatu, mmoja atasema Ilunga Kabwe, mwingine Kabwe Ilunga, na wewe umeshawasha mashini.